Namna ya kuandika madai ya hataza yenye mipaka inayosomeka: mwongozo kamili

Kampuni ya Marekani iitwayo Chef America ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ya kuandaa unga uliokandwa na kupakwa rojo, ili ukipikwa utoke mwepesi na mkavu kwa nje. Kwenye dai lake, yaani sentensi inayotaja mipaka ya haki hiyo, waliandika kwamba unga huo upashwe moto hadi joto la kati ya nyuzi 400 na 850 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 204 hadi 454 za Selsiasi. Walichokuwa nacho kichwani ni joto la oveni. Walichoandika ni joto la unga wenyewe. Walipoishtaki kampuni nyingine ya chakula, Lamb-Weston, mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza kesi za hataza ilisema mwaka 2004 kwamba maneno yako wazi na yatasomwa yalivyo. Pande zote mbili zilikubali kwamba unga ukifika joto hilo unakuwa mkaa. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akivunja hataza hiyo, kwa sababu hakuna mtu anayeuza mkaa wa mandazi. Kilichowaponza ni neno moja: «hadi» mahali pa «kwenye».

Naanza na kesi hii kwa sababu wavumbuzi wengi wanaoniletea rasimu zao hutumia wiki nzima kwenye michoro na maelezo, kisha madai wanayaandika usiku mmoja kabla ya kupeleka maombi. Kazi imepinduliwa. Maelezo yanaeleza uvumbuzi, michoro inauonyesha, ikisiri inamsaidia anayetafuta kwenye hifadhidata. Kinachoamua nani amevunja haki yako na nani hajaivunja ni madai peke yake. Jambo zuri sana ulilolieleza kwenye ukurasa wa 12 na kulisahau kwenye madai, kwa kawaida umewapa watu bure.

Sheria inadai nini hasa? Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, unasema katika ibara ya 6 kwamba madai yabainishe kitu kinachoombewa ulinzi, yawe wazi na mafupi, na yaungwe mkono kikamilifu na maelezo. Ibara ya 84 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya ina maneno karibu hayo hayo. Marekani, kifungu cha 112 cha sheria yao kinamtaka mvumbuzi aonyeshe mahususi na adai bayana kile anachokiona kuwa uvumbuzi wake. Maneno machache, na kesi zake zinajaza makabati.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho: mbuzi ya kukunia nazi. Kila mtu wa pwani anaijua, kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele. Tuseme umegundua kwamba ukiweka kizuizi kidogo nyuma ya meno, kama uso wa chini wa randa ya seremala unavyozuia kisu chake kisizame, meno hayaumi nazi kwa kina kirefu. Nazi inatoka laini na ya unene mmoja, na tui linakamuka vizuri. Kizuizi kinasogezwa na kukazwa, hivyo mpishi anachagua unene anaoutaka.

Rasimu ya kwanza, ya aina ninayoiona mara nyingi, ingekuwa hivi:

«Mbuzi bora ya kisasa ya kukunia nazi, imara na rahisi kutumia, yenye meno makali ya kutosha na kizuizi kinachofaa, ikiwezekana cha chuma cha geji 28, ambayo inakuna nazi laini, kama inavyoonekana kwenye mchoro wa 1.»

Karibu kila neno hapo lina kasoro. Twende nalo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unamwandikia nani

Dai halisomwi na mama yako wala na rafiki anayekupongeza. Wasomaji wake ni watatu. Mkaguzi wa ofisi ya hataza, anayetafuta sababu ya kulikataa. Mshindani, anayetaka kusogea karibu na mpaka wako kadiri awezavyo bila kuuvuka. Na hakimu, miaka kadhaa baadaye, ambaye hajawahi kukuna nazi. Wote watatu wanatakiwa kulisoma kwa jicho la mtu wa fani, yaani fundi mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi hiyo, wala si bingwa wala si mwanagenzi.

Fundi huyo ndiye kipimo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Nautilus dhidi ya Biosig, ilisema dai likisomwa pamoja na maelezo na kumbukumbu za maombi lazima limjulishe mtu wa fani upeo wa uvumbuzi kwa uhakika wa kiasi kinachostahili. Kabla ya hapo mahakama ya chini ilikuwa inaliacha dai lipite ilimradi utata wake haujashindikana kabisa kutatuliwa. Mahakama ya Juu ikasema hilo ni kulegeza kamba mno.

Kesi yenyewe ilihusu kifaa cha kupima mapigo ya moyo kwenye mashine za mazoezi. Mtumiaji anashika mpini, na kila mkono unagusa elektrodi mbili. Dai lilisema elektrodi hizo zimewekwa «kwa kuachana». Kuachana kwa kiasi gani? Halikusema. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, likateremshwa, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba dai linasimama: nafasi hiyo haiwezi kuzidi upana wa kiganja, kwa sababu elektrodi zote mbili zinaguswa na mkono mmoja, wala haiwezi kuwa ndogo kiasi cha kuzifanya zigeuke elektrodi moja. Fundi angelijua hilo. Mwenye hataza alipona, lakini sentensi moja ya ziada siku ya kuandika ingemwondolea safari yote hiyo.

Hatua ya 2: Tenga kilicho chako na kilicho cha watu

Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Kushoto andika kila kitu kilichokuwapo kabla yako: kibao, miguu inayokunjwa, shina la chuma, meno. Kulia andika ulichokileta: kizuizi, kusogea kwake, kukazwa kwake. Ukikuta upande wa kulia hauna kitu ila sifa, kama «inafanya kazi haraka» au «haichoshi», bado hujafika kwenye uvumbuzi. Umefika kwenye matokeo yake.

Kisha jiulize: katika vitu vya kushoto, kipi hakiwezi kuondolewa bila uvumbuzi wangu kufa? Kibao cha kukalia kinaweza kuondolewa. Mtu anaweza kufunga shina lile lile kwenye ukingo wa meza kwa jiriwa, na kizuizi chako kitafanya kazi vile vile. Ukiandika «mbuzi yenye kibao cha kukalia» kwenye dai lako la kwanza, huyo wa jiriwa yuko nje. Ili mtu awe amevunja dai, bidhaa yake lazima iwe na kila kipengele ulichokitaja. Kila unapoongeza kipengele, uwanja wako unapungua. Wavumbuzi wapya hudhani kinyume chake, kwamba kuorodhesha vitu vingi ni kujilimbikizia mali.

Kwa hiyo hata jina libadilike. «Mbuzi» kwa msomaji wa pwani ni kibao pamoja na chuma chake. Tutasema «kikunio cha nazi».

Hatua ya 3: Ondoa maneno yasiyo na rula

Hapa ndipo rasimu nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

«Bora», «ya kisasa», «rahisi kutumia»: hayo ni ya tangazo la dukani. Hayana kazi kwenye dai. Futa.

«Makali ya kutosha»: ya kutosha kwa nani? Mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2005, katika kesi ya Datamize, ililibatilisha dai la programu ya kutengeneza skrini kwa sababu lilitaka mwonekano wa skrini uwe «wa kupendeza macho». Kipimo kilikuwa ladha ya mtazamaji, na ladha haina mpaka. «Makali ya kutosha» ni ndugu wa hilo.

«Kinachofaa»: neno hili lina sura ya maana lakini ndani ni tupu. Kizuizi kisichofaa kingekuwa kipi? Kama huwezi kujibu, neno halibainishi kitu.

«Ikiwezekana», «hasa», «kwa mfano»: maneno haya hayafungi kitu. Mkaguzi wa Ulaya atakuambia kwamba kinachofuata baada ya «ikiwezekana» ni cha hiari, kwa hiyo hakipunguzi wala hakiongezi upeo, kinaleta wasiwasi tu. Kama jambo ni la hiari, lina mahali pake, nalo ni dai tegemezi, nitakalolifikia.

«Takriban», «karibu na», «kiasi cha»: haya hayakatazwi. Yanakubalika pale ambapo mtu wa fani anajua ni tofauti ya kipimo kiasi gani inayovumiliwa katika kazi yake. Lakini ukiandika takriban milimita 3, uwe umeandika kwenye maelezo kwamba takriban maana yake ni kupungua au kuzidi kwa sehemu ngapi za milimita. Na usiliweke mahali ambapo namba ndiyo inayokutofautisha na kitu cha zamani. Kama kikunio cha zamani kilikuwa na milimita 4 na wewe unadai «takriban 3», umejichimbia shimo.

«Geji 28»: kila fundi wa mabati analitumia, na dukani linatosha. Kwenye dai halitoshi, maana majedwali ya geji ni zaidi ya moja na geji ile ile hutoa unene tofauti kwa jedwali tofauti. Kanuni za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza zinataka vipimo vya mfumo wa metriki na joto la Selsiasi. Andika milimita. Kwa sababu hiyo hiyo usitaje jina la biashara, mathalani Velcro au jina la gundi fulani, kwa kuwa mwenye jina anaweza kubadilisha anachokiuza kesho huku dai lako likibaki vile vile. Eleza kitu chenyewe.

«Kama inavyoonekana kwenye mchoro wa 1»: kanuni inakataza madai kuegemea maelezo au michoro isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa. Unachoruhusiwa ni kuweka namba za mchoro ndani ya mabano mbele ya jina la kipande, ili msomaji akifuate. Namba hizo hazibani upeo.

Usije ukadhani dawa ni kugeuza kila neno kuwa namba. Angalia kesi ya Catnic ya Uingereza, ambayo kila mjenzi ataielewa. Catnic walikuwa na hataza ya linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) ya bati la chuma, na dai lilisema bamba la nyuma «linasimama wima». Mshindani, Hill & Smith, akatengeneza linta ile ile, bamba lake likiwa limeinama nyuzi 6 au 8. Nje au ndani? Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua mwaka 1980, Lord Diplock akiandika, kwamba kwa mjenzi «wima» maana yake ni wima kiasi cha kufanya kazi ya bamba hilo, si wima wa mwanahisabati. Mshindani akapatikana amevunja. Kama Catnic wangeandika «kwa pembe ya nyuzi 90 kamili», naamini wangeshindwa. Neno la kawaida la fani, likiwa na maana inayojulikana na mafundi, mara nyingine linakulinda kuliko namba.

Lakini bahati hiyo usiitegemee. Miaka kadhaa baadaye kifaa cha kung'olea nywele cha Epilady kiligombaniwa nchi kadhaa. Dai lilitaja springi ya kuzunguka. Remington, washindani wao, wakatumia kijiti cha mpira chenye mikato, kinachonasa nywele kwa namna ile ile. Mahakama ya Uingereza ikasema mpira si springi, hakuna uvunjaji. Mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, ikasema uvunjaji upo. Dai moja na kifaa kimoja, majibu mawili. Swali la kujiuliza ukiwa mezani kwako: je, ni springi ninayoihitaji, au ni kitu chochote kinachonyumbulika na chenye nafasi zinazofunguka na kufunga? Andika kile unachokihitaji.

Hatua ya 4: Kila kipimo kiwe na njia yake ya kupimwa

Teva, watengenezaji wa dawa ya Copaxone ya ugonjwa wa neva uitwao kwa Kiingereza multiple sclerosis, walikuwa na dai lililotaja «uzito wa molekuli» wa kiwango fulani. Tatizo ni kwamba katika kemia ya molekuli ndefu kuna wastani wa aina 3 wa uzito huo, na kila mmoja unatoa namba yake kwa sampuli ile ile. Dai halikusema ni upi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kurudi, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikalibatilisha dai kwa kukosa uwazi. Dawa ilikuwa ikifanya kazi barabara. Neno ndilo lililokuwa na nyuso 3.

Kwa kikunio chetu, tukisema «meno yanatokeza milimita 1», tunapima kutoka wapi hadi wapi? Meno yana urefu tofauti, na shina lina mviringo. Kwa hiyo kwenye maelezo tunaandika: urefu unaotokeza unapimwa kutoka uso wa mbele wa kizuizi hadi ncha ya jino refu kuliko yote, kwa mstari ulio wima juu ya uso huo. Sasa fundi wa Tanga na fundi wa Mombasa, kila mmoja na kalipa yake, watapata jibu moja.

Hatua ya 5: Dai kitu, usidai ndoto

«Ambayo inakuna nazi laini.» Hilo ni lengo. Ukilidai peke yake umedai kila njia ya kukuna nazi laini, hata zile ambazo watoto wako watazigundua. Samuel Morse alijaribu. Dai lake la 8 kwenye hataza ya telegrafu lilisema hajifungi kwenye mashine aliyoieleza, bali anadai matumizi ya nguvu ya sumaku-umeme, kwa vyovyote itakavyopatikana, kuandika alama mahali pa mbali. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ililitupa dai hilo na kuyaacha mengine.

Kuna jamaa yake mwingine: dai linalotaja kundi zima la vitu ilhali mwenyewe amejaribu viwili. Sawyer na Man walikuwa na hataza ya balbu yenye waya uliotengenezwa kwa «nyuzinyuzi au vitu vya kufumwa» vilivyounguzwa kuwa kaboni. Walichokuwa wamekitumia ni karatasi na mbao. Edison kwa upande wake alijaribu maelfu ya mimea mpaka akaangukia mianzi ya aina fulani. Wenye hataza ya Sawyer na Man wakasema mianzi nayo ni nyuzinyuzi, tulipwe. Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 1895, ikisema nyingi ya nyuzinyuzi hizo hazifai kabisa, na walioandika dai hawakuonyesha sifa ya pamoja inayozifanya zifae. Hii ndiyo maana ya «kuungwa mkono na maelezo». Ukitaka kudai «kizuizi cha chuma, plastiki au mbao», maelezo yaonyeshe kwamba umefikiria kila kimoja, au yaeleze sifa inayohitajika, mathalani kutopinda chini ya msukumo wa mkono.

Kueleza kipande kwa kazi yake hakukatazwi. «Njia ya kukazia» inasomeka, kwa sababu fundi anajua skrubu, kabari na klipu. Hatari inaanza pale sehemu mpya yenyewe inapoelezwa kwa kazi tu.

Hatua ya 6: Andika dai huru

Dai huru ni lile linalosimama peke yake, bila kuegemea dai jingine. Kwa desturi dai moja ni sentensi moja, hata ikiwa ndefu. Lina kichwa kinachotaja kitu, neno la kuunganisha, kisha vipengele na jinsi vinavyohusiana. Uhusiano ndio husahaulika. Orodha ya vipande bila kusema kipi kimefungwa wapi ni sanduku la spea.

Neno la kuunganisha lichague kwa makini. «Chenye» au «kinachojumuisha» linaacha mlango wazi: mshindani akiongeza taa kwenye kikunio chako, bado amevunja. «Kinachoundwa na vitu hivi pekee» linafunga mlango: akiongeza kitu, ametoka. Wakemia wana sababu za kulitumia la pili. Kwa vifaa, karibu siku zote ni la kwanza.

Sasa jambo linalotugusa sisi. Maombi yanayopitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, kule Harare huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina vijineno viwili vidogo, «a» na «the», vinavyotofautisha kitu kinachotajwa mara ya kwanza na kitu kilichokwisha kutajwa. Kiswahili hakina, nasi tukiandika Kiingereza tunavichanganya. Mkaguzi akikutana na «kile kizuizi» kabla hajaambiwa kwamba kuna kizuizi, anaandika barua. Ushauri wangu: andika dai kwa Kiswahili kwanza, ukitumia «hicho», «hilo», «hayo» kila unaporudia kitu. Ngeli zitakusaidia kuona nini kinarejea wapi. Lakini jihadhari pale vitu viwili vinapokuwa ngeli moja. Ukisema «kizuizi kimefungwa kwenye kishikio, nacho kinasogea», kipi kinasogea? Rudia nomino. Dai si shairi, urudiaji hauna aibu. Na usibadilishe majina kwa ajili ya ladha: kikiwa «kizuizi» kwenye mstari wa kwanza, kisiwe «kinga» kwenye wa nne, maana msomaji atadhani ni vitu viwili.

Hivi ndivyo nilivyolipata baada ya kulifuta mara tatu:

«1. Kikunio cha nazi chenye:
shina (1) lenye ncha;
meno mawili au zaidi (2) yaliyo kwenye ncha hiyo, na
kizuizi (3) kilichofungwa kwenye shina hilo nyuma ya meno hayo,
ambapo kizuizi hicho kinaweza kusogezwa kulielekea jino lolote kati ya meno hayo au kuliacha, na kukazwa mahali kiliposogezwa, ili urefu wa meno hayo unaotokeza mbele ya kizuizi hicho uweze kubadilishwa.»

Nililisoma tena asubuhi na «jino lolote kati ya meno hayo» likanikera. Je, kizuizi kikisogea kwa meno yote pamoja, kiko ndani? Nilitaka kiwe ndani. Basi: «kusogezwa kuelekea meno hayo na kutoka kwenye meno hayo». Maneno yamepungua, na shaka imeondoka.

Utaona hakuna milimita. Niliziweka mwanzoni, 0.5 hadi 3, kisha nikamfikiria mshindani wa milimita 3.2 nikaziondoa. Uwazi na upana ni mambo mawili. Dai hili ni pana lakini mpaka wake unaonekana: kizuizi ama kinasogea na kukazwa, ama hakifanyi hivyo.

Hatua ya 7: Madai tegemezi ni ngazi ya kurudi nyuma

Mkaguzi anaweza kuleta kikunio cha zamani chenye kizuizi kinachosogea. Dai la 1 likifa, unahitaji mahali pa kusimama:

«2. Kikunio cha dai la 1, ambapo kizuizi hicho kinakazwa kwa skrubu ya kipepeo (4).
3. Kikunio cha dai la 1 au la 2, ambapo urefu unaotokeza unaweza kubadilishwa kati ya milimita 0.5 na milimita 3.
4. Kikunio cha dai lolote kati ya 1 hadi 3, ambapo shina hilo limefungwa kwenye kibao cha kukalia chenye miguu inayokunjwa.»

Dai tegemezi linabeba kila kitu kilichomo kwenye dai linaloliegemea, kisha linaongeza kitu. Likipunguza kitu, limekosewa. Usiandike 40 kwa ushindani: ufupi ni sharti la sheria, na ofisi hutoza kwa wingi. Ulaya ada ya ziada inaanza na dai la 16, Marekani baada ya 20.

Hatua ya 8: Jaribio la meza

Kabla ya kupeleka, tafuta fundi ambaye hujawahi kumweleza uvumbuzi wako. Mpe ukurasa wa madai tu. Weka mezani vitu vitatu, hata kama ni vya kadibodi: mbuzi ya kawaida, mbuzi ambayo kizuizi chake kimechomelewa na hakisogei, na kikunio cha kufunga mezani ambacho kizuizi chake kinasogea na kukazwa kwa kabari ya mti. Muulize dai la 1 linashika vipi. Usimsaidie wala usitikise kichwa.

Cha kwanza kiko nje, cha tatu kiko ndani. Akisita, rudi hatua ya 3 na utafute neno lililomsitisha. Cha pili kiko nje, na hapo uamuzi ni wako: je, unaridhika kwamba mtu anaweza kuuza mbuzi yenye kizuizi kilichochomelewa kwa milimita 1? Kama huridhiki, unahitaji dai huru la pili lisilotaja kusogea, na huenda hilo ndilo litakalohitaji namba. Hakikisha tu maelezo yako yametaja kizuizi kisichosogea. Mara nyingi ni hapa mvumbuzi hugundua kwamba hakuwahi kujiuliza uvumbuzi wake unaishia wapi.

Hatua ya 9: Barua ya mkaguzi

Itakuja. «Dai la 1 haliko wazi» ni sentensi ya kawaida na si matusi. Mkaguzi akisema neno fulani halieleweki, usimwandikie kurasa 5 za kulitetea. Libadilishe, na umwonyeshe ukurasa na mstari ambako neno jipya tayari limo kwenye maombi uliyopeleka siku ya kwanza. Usichokuwa nacho siku ile huwezi kukiongeza sasa, ndiyo maana ile njia ya kupima ya hatua ya 4 iliandikwa mapema.

Tengeneza sasa hivi, hataza ikiwa bado haijatolewa. Ulaya, kukosa uwazi si sababu ya kupinga hataza iliyokwisha kutolewa, isipokuwa pale marekebisho mapya yenyewe yanapoleta utata; hivyo dai lililopita na shombo lake linaweza kubaki nalo. Marekani ni kinyume: utata unaweza kuibuliwa mahakamani miaka mingi baadaye na kuliua dai. Na huko, unachomjibu mkaguzi kinawekwa kwenye faili. Ukimwambia «kizuizi changu ni cha skrubu, si cha kabari» ili upite haraka, wakili wa mtu wa kabari atakisoma kwa sauti mbele ya hakimu. Jibu kile kilichoulizwa, kwa mistari michache, kisha lifunge faili.